Usimbaji wa kujitungia au eneo binafsi la Unicode?

Ukitengeneza fonti yenye herufi au alama zisizo kwenye kibodi, njia moja ni usimbaji wa kujitungia, yaani orodha yako mwenyewe ya namba ipi ni herufi ipi. Ule wa baiti moja una nafasi 256 tu. Katika FontForge, programu ya kutengeneza fonti, unapakia faili lake, kisha unapanga fonti upya. Raha yake ni kuchapa kwa kibodi ileile. Lakini ukiweka ŋ mahali pa q, maandishi yakifunguliwa kwa fonti nyingine yanarudi kuwa q, na kutafuta neno ndio basi tena.

Unicode ni mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake. Eneo lake binafsi, U+E000 hadi U+F8FF, ni namba zilizoachwa kwa matumizi ya mtu mwenyewe; lina nafasi 6,400 na halivamii herufi za kawaida. Utahitaji kibodi maalumu, na asiye na fonti yako ataona kiboksi kitupu. Bado nalipendelea, ila kwa alama ambazo Unicode haina. Hiyo ŋ ina U+014B yake tayari, iache hukohuko.