Kushusha HiAce nyumbani: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kabla hujatuma hela kwa muuza spea yeyote ili ushushe kimo cha HiAce yako, chukua tochi ulale chini ya gari uangalie. Kwenye Toyota HiAce ya 200, ile iliyoanza kutoka kiwandani 2004 na ambayo ndiyo imejaa barabarani kwetu, mbele hakuna springi za kuviringika. Kuna fito mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zinazotoka kwenye mikono ya tairi na kurudi nyuma mpaka kwenye boriti ya chesesi. Hizo ni tosheni baa. Tairi likipanda, fito inajisokota, likishuka, inajinyoosha. Mwisho wake kuna mkono mfupi wa chuma uliokalia bolti moja ndefu, na bolti hiyo ndiyo inayoamua pua ya gari ikae juu au chini.

Kwa hiyo mtu akikuuzia "kiti ya kuadjasti", yaani seti ya vifaa vya kurekebisha, kwa ajili ya kimo cha mbele peke yake, anakuuzia kitu ambacho Toyota walishakupa. Kimo cha mbele ni bure. Unachokwenda kununua ni nafasi, yaani umbali ambao tairi linaweza kupanda kabla chuma hakijakutana na raba ya stopa, ile inayozuia chuma kisigonge chuma. Ukilegeza bolti, gari linashuka na nafasi hiyo inapungua kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana utamsikia mtu akilalamika kwamba HiAce yake tangu ishushwe imekuwa ngumu kama mkokoteni. Fito haikubadilika ugumu hata kidogo. Anatembelea raba za stopa, basi.

Mpangilio wangu hapa chini unatokana na hilo moja: kila chaguo nimelipima kwa nafasi linayoacha, sio kwa inchi linazoshusha.

Kwanza niwatoe watu wawili kwenye foleni. Kama HiAce yako inabeba abiria 14 au magunia ya vitunguu, usishushe. Gari la kazi linahitaji nafasi yote ya nyuma, na abiria wanane wakishapanda ekseli itakuwa inagonga kwenye kila tuta. Wa pili ni mwenye HiAce mpya yenye pua, ile ya 300 iliyotoka 2019. Hiyo mbele ina springi na shokapu pamoja, haina tosheni baa, na kifaa cha 200 hakiingii humo. Mwenye Super Custom ya zamani naye achungulie nyuma kabla ya kununua, maana zile zina springi za kuviringika nyuma, wakati HiAce za mizigo zina pleti, yaani springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

Nafasi ya kwanza: vibao vya nyuma, stopa nyembamba na shokapu fupi

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue. Kwenye HiAce ya 200 pleti za nyuma zinapita chini ya ekseli, kwa hiyo ukiweka kibao cha chuma katikati ya ekseli na pleti, mwili wa gari unashuka sawasawa na unene wa kibao. (Ukimwona mtu wa Hilux akiweka kibao ili kuinua gari, usishangae, ya kwake pleti ziko juu ya ekseli.) Mbele unalegeza bolti za tosheni baa, unang'oa stopa za kiwandani ambazo ni nene, unafunga nyembamba. Pande zote nne unafunga shokapu fupi, na hapo ndipo penye maana ya kutafuta zenye kitufe cha kurekebisha ugumu.

Shokapu ndiyo sehemu ambayo watu hubana hela, na mimi naona hapo ndipo pa kuzimwaga. Shokapu ya kawaida kwenye gari lililoshushwa inafanya kazi ikiwa imebonyea nusu tayari. Shimo kubwa likija, pistoni inafika chini na kugonga kitako, na baada ya muda utaona mafuta yanachuruzika. Fupi inarudisha kazi katikati ya urefu wake. Kitufe cha ugumu nacho hakina uhusiano na kimo, lakini kinakusaidia kulegeza gari likiwa tupu na kulikaza ukipakia vitanda vya kambi, maji na familia.

Kiasi gani? Inchi 1.5 mpaka 2 nyuma, na mbele pungufu kidogo. HiAce tupu hukaa imeinua matako, hivyo nyuma inaweza kushuka zaidi na gari likaonekana limenyooka. Ukipita inchi 3 umeingia kwenye habari ya ekseli kukaribia chesesi, na hiyo si kazi ya jeki na spana za nyumbani.

Nafasi ya pili: vibao na stopa tu

Kwa mwenye mfuko mdogo. Inchi 1 hadi 1.5, shokapu zako zilezile, ilimradi bado ni nzima. Gari litatulia kwenye kona na upepo wa barabara kuu hautalisukuma kama awali. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya shokapu tu, na ukishajipanga unaweza kuziongeza baadaye bila kurudia kazi ya vibao. Usikubali kuruka stopa nyembamba. Ni vipande vidogo vya raba, bei yake haifanani na tofauti vinavyoleta.

Nafasi ya tatu: pleti za kushusha zilizotengenezwa kiwandani

Badala ya kibao unanunua pleti mpya zilizokunjwa kwa umbo la chini. Kwa utulivu wa safari zinaweza kuishinda namba moja, hasa kama pleti zako za sasa zimeshachoka au moja imevunjika. Tatizo ni uzito. Pleti ni mzigo wa kontena, na ukiagiza Japani usafiri unaweza kukushtua kuliko bidhaa. Kama unaye mtu Sharjah au Dubai anayefungasha kontena la spea, hesabu inabadilika, kwa kuwa huko HiAce ni nyingi mno na vitu vyake havipotei.

Nafasi ya nne: mifuko ya upepo

Nakiri ina mvuto. Unabonyeza kitufe gari linalala chini, tuta likija unaliinua. Lakini umenunua pia kompresa, tangi, vali, mipira ya hewa na nyaya, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Vumbi letu halina huruma na kompresa iliyofungwa chini ya gari. Mbele kazi inakuwa kubwa zaidi, kwani mifuko inabidi ichukue kazi ya tosheni baa na mabano yake yachomelewe vizuri. Kama unaipenda, ipeleke kwa fundi aliyewahi kuifunga kwenye HiAce, sio aliyeifunga kwenye Crown.

Nafasi ya tano: koiliova kamili

Hizi ni shokapu zilizovishwa springi. Zinauzwa, na picha zake zinatamanisha. Fikiria kwanza mzigo unakwenda wapi. Kwa kawaida uzito wa mbele unabebwa na tosheni baa na kuishia kwenye boriti ya chesesi. Ukitoa fito na kuweka springi juu ya shokapu, uzito wote unahamia pale shokapu inapofungwa juu, mahali ambapo hapakutengenezwa kubeba gari. Bila chuma cha kuimarisha panapasuka. Kwa gari la mashindano sawa. Kwa safari ya Dar hadi Mbeya, hapana.

Ambazo haziko kwenye orodha kabisa

Kutoa pleti moja au mbili, kupasha pleti moto ili zilale, na kuweka vipande vya mbao mahali pa vibao. Moto unaua ugumu wa chuma cha springi. Pleti italala kweli, na itaendelea kulala kila mwezi mpaka ivunjike. Kutoa pleti kunafanya ekseli ijinyonge ukikanyaga mafuta. Mbao sitaki hata kuieleza.

Ukiwa dukani

Soma kibati cha gari kabla hujatoka nyumbani. KDH ni dizeli, TRH ni petroli, na namba zinazofuata zina maana: KDH201 inavuta nyuma tu, KDH206 ni ya kuvuta pande zote nne, na seti zao si lazima zifanane. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) mwonyeshe muuzaji namba hiyo, usimwambie tu "ya HiAce".

Kibao kiwe kipande kimoja, chenye pini upande mmoja na tundu upande wa pili, ili kishikane na ekseli juu na kichwa cha bolti ya pleti chini. Kisichokuwa na pini kinaweza kuteleza na ekseli ikakaa upande. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana pleti kwenye ekseli, ziwe mpya na ndefu zaidi, kwa sababu za zamani hazitafika, na yubolti iliyokwisha kukazwa miaka 15 haistahili kukazwa tena. Shokapu za mtumba za Japani nunua tu ukizibonyeza kwa mkono palepale: ishuke kwa uzito mmoja, bila kuruka katikati, na shina lisiwe na kutu wala mikwaruzo. Shokapu feki za chapa ya KYB zimejaa, kwa hiyo boksi zuri lisikudanganye.

Siku ya kazi

Usifanye chochote kwenye jeki peke yake. Stendi mbili imara chini ya chesesi, sakafu ya zege, na vizuizi vya kuzuia tairi zisiviringike. Pima kwanza kutoka katikati ya kitovu cha tairi hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Paka rangi kwenye nyuzi za bolti za tosheni baa ili ujue ulipoanzia. Legeza kidogo kidogo, shusha gari chini, lisogeze mbele na nyuma lijikalishe, ndipo upime. Kulia na kushoto hazitalingana kwa idadi ya mizunguko, fuata kipimo. Bolti hiyo usiitoe yote, kwani fito iliyosokotwa ina nguvu ya kuvunja mkono.

Nyuma, stendi zikiwa kwenye chesesi na jeki chini ya difu, fungua miguu ya chini ya shokapu, kisha yubolti, inua ekseli taratibu mpaka upenyo utoshe kibao. Kaza yubolti kwa msalaba, kidogo kidogo, na spana ya kipimo.

Kisha angalia kitu ambacho wengi hawakijui: HiAce nyingi zina vali ya breki nyuma inayosoma mzigo kwa kupima umbali kati ya ekseli na mwili. Gari likishuka, vali inadhani umepakia na kupeleka nguvu nyingi ya breki nyuma. Siku ya mvua tairi za nyuma zitajifunga kabla ya za mbele. Mkono wake lazima urekebishwe, au ununue bano lake pamoja na seti. Hakikisha pia mipira ya breki haikwaruzi popote.

Alaimenti ni lazima, sio hiari. Bila hiyo tairi za mbele zitaliwa upande wa ndani. Taa za mbele nazo zirekebishwe. Kuhusu kimo cha mwisho, ukaguzi wa Japani unataka angalau sentimita 9 kati ya ardhi na sehemu ya chini ya gari. Kwa matuta ya kwetu mimi ningeongeza juu ya hapo, nikapima gari likiwa na watu ndani. Ukishatembea kama kilomita 100, rudi chini na spana yako ukaze yubolti upya, maana zitakuwa zimelegea kidogo.