Bima ya safari ya meli ya kitalii: ipi ununue ukiwa Dodoma

"Mwanangu, si wameshanipa viza? Bima gani tena?" Shangazi yangu wa Area D amestaafu, na yeye na mumewe wamejipangia kuzunguka Mediterania kwa meli ya kitalii: wanapanda Barcelona, wanapita Italia, Ugiriki na Uturuki, kisha wanarudi Barcelona. Nilimwomba cheti chake cha bima, nikakisoma chote. Neno meli halikuwemo hata mara moja.

Cheti kile ni cha viza. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka bima isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti. Ubalozi ukiridhika, kazi yake imekwisha. Bahari ina mambo yake.

Daktari wa meli hutoza kama hospitali binafsi. Ankara inaingia kwenye hesabu ya chumba chako, unailipa kabla ya kushuka, kisha unaanza kuidai kampuni ya bima. Ukizidiwa, meli haina chumba cha upasuaji mkubwa, hivyo utashushwa bandari ya karibu au utachukuliwa na helikopta, na gharama hizo zinaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Halafu meli haisubiri mtu. Ukichelewa, unaifuata bandari inayofuata kwa nauli yako.

Hilo la kuchelewa ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa Dodoma. Kabla hujaiona bahari ya Ulaya, una treni au ndege ya kwenda Dar, ndege nyingine hadi Doha au Addis Ababa, kisha nyingine tena. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote umekwenda. Mimi niliwahi kucheleweshwa kwa muda wa saa saba nikakosa ndege ya kuunganisha. Nilipodai fidia, nikaonyeshwa mstari mdogo unaosema wanalipa ukicheleweshwa kwa muda wa saa 12 au zaidi. Tangu siku hiyo huwa naanza kusoma mkataba kutoka nyuma.

Baada ya jioni mbili za kulinganisha, hivi ndivyo ninavyozipanga.

Namba moja ni bima kamili ya safari iliyoongezewa kipengele cha meli. Hakikisha kinataja kukosa meli bandarini, kufungiwa chumbani kwa ugonjwa, na bandari iliyorukwa. Kwa matibabu na kuhamishwa kwa dharura, mimi singeshuka chini ya dola 100,000. Kama una presha au kisukari, kitaje, hata ada ikipanda. Shangazi alitaka kuficha presha yake "kwa sababu iko sawa siku hizi", na hapo ndipo madai mengi hufia. Ukivuka miaka 65 au 70, uliza mapema, maana kampuni nyingi huongeza ada au hupunguza kiwango cha fidia. Inunue siku unayolipa malipo ya awali ya safari. Fidia ya kughairi huhesabiwa tangu ulipokata bima, na kampuni za meli hukata sehemu kubwa zaidi ya fedha zako kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia.

Namba mbili ni bima ya mwaka mzima. Inamfaa mtumishi ambaye pasipoti yake haipumziki. Angalia ukomo wa siku kwa safari moja, na uulize kama meli imo. Mara nyingi haimo mpaka uiongezee.

Namba tatu ni ile inayouzwa na kampuni ya meli pamoja na tiketi. Ni rahisi kuipata, lakini nyingine huuzwa kwa wakazi wa nchi fulani tu, na nyingine hukurudishia thamani ya safari ijayo badala ya fedha taslimu.

Namba nne ni cheti cha viza peke yake. Kikiwa cha Schengen tu, ukishuka Uturuki huna bima. (Na viza yenyewe iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hutaruhusiwa kurudi Barcelona.)

Mwisho kabisa ni kutegemea bima ya kadi ya benki au kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa. Hiyo ya NHIF inapokelewa hospitali ya Benjamin Mkapa. Katikati ya bahari haina kazi.

TIRA, wasimamizi wa bima, makao yao makuu yako hapa hapa Dodoma, kwa hiyo huna sababu ya kununua kwa wakala usiyejua kama ana leseni. Namba ya dharura ya kampuni iandike kwenye karatasi, kwa sababu intaneti ya meli hupita kwenye setilaiti na ni ghali.

Shangazi alichukua namba moja, huku akinung'unika kuanzia Area D hadi mlangoni kwa wakala. Kilichomtuliza ni nilipomwambia abadilishe na tiketi za ndege. Sasa wanafika Barcelona siku mbili kabla ya meli kung'oa nanga, na ameshaanza kuuliza soko la huko liko wapi.