Vifaa vya kulalia na vya safari kwa mtoto mchanga Lamu: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Orodha nyingi za vifaa vya mtoto mchanga zimepangwa kwa mtu mwenye gari mlangoni na barabara ya lami mbele ya nyumba. Mama wa Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, akizifuata, atajikuta na kigari cha kusukuma kisichopita kichochoroni, na kitanda kilichopambwa lesi ambacho mbu wanaingia na kutoka wapendavyo. Mwongozo huu nimeupanga kwa maisha ya kisiwani: nyumba ya mawe yenye ngazi nyembamba, punda njiani, boti mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha basi.

Utaratibu wangu wa kutoa pesa ni huu. Kwanza chandarua chenye dawa, pili mahali tambarare pa kulala, tatu nguo ya kumbebea. Kiti cha gari ni cha nne, ila kwa familia yenye gari lake kinapanda mpaka kinakaa sawa na chandarua. Jaketi la kuokolea maisha ni la tano na kigari ni cha mwisho. Mengine yangoje arobaini ipite. Zawadi nazo zitakuwa zimeshafika, utaona kilichobaki.

Chandarua

Nakitanguliza mbele ya kitanda chenyewe. Pwani yetu malaria haiondoki, na mwili wa mtoto mchanga bado haujajua kupambana nayo. Mbu wanaoieneza huuma usiku, saa ambazo mtoto amelala na mama yake amechoka hoi. La kutia moyo ni kwamba kitu hiki muhimu kuliko vyote huenda usikinunue kabisa: kliniki za serikali za wajawazito huku kwetu hutoa chandarua chenye dawa bila malipo. Kiulizie mapema, ukiwa bado na mimba, usingoje mpaka umejifungua ndipo watu waanze kukimbizana.

Dukani utaonyeshwa kile cha mwavuli, chenye waya, kinachofunguka na kumfunika mtoto popote alipo. Ni kizuri mchana, mtoto akilazwa kwenye mkeka ukumbini nawe uko karibu. Kwa usiku sikishauri. Vingi havina dawa, tena ni vidogo. Mtoto akinyoosha mkono ukagusa wavu, mbu atamuuma akiwa nje. Dawa ndiyo inayomwua mbu au kumfukuza pale anapotua, na wavu mtupu hauna uwezo huo. Muulize mwenye duka akuonyeshe lebo. Kama lebo haitaji dawa, basi hakina dawa, hata akuapie.

Chandarua cha mstatili ndicho bora, kwa sababu hukaa mbali na mwili pande zote nne. Wenye vitanda vya samadari wana bahati, nguzo zipo tayari. Wengine wafunge kamba kwenye misumari minne ukutani au kwenye boriti. Urefu utoshe kuchomekwa chini ya godoro, na kama mnalala chini, utoshe kufika sakafuni na kubanwa chini ya mkeka.

Kikiwa kipya, kianike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida na maji ya baridi, usitie dawa ya kung'arisha, na usikianike juani, maana jua huiharibu dawa. Vyandarua hivi hutengenezwa vidumu kama miaka 3, au vifuliwe kama mara 20. Anayekifua kila wiki kwa kupenda usafi atakuwa ameimaliza dawa ndani ya miezi mitano, naye atadhani bado amejikinga. Tundu likitokea, lishone siku hiyo hiyo.

Mahali pa kulala

Kabla ya kutaja kitanda gani, kuna kanuni ambazo haziendi na bei. Mtoto alale chali, kila usingizi, mchana na usiku. Alale juu ya kitu kigumu na tambarare, kisicho na mto, blanketi zito wala mwanasesere. Awe chumba kimoja na mama yake. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2022, wanashauri hivyo kwa angalau miezi 6 ya mwanzo. Mabibi zetu walimlaza mtoto chumba cha mzazi miaka yote, kwa hiyo hapo hakuna jipya la kujifunza. Kwenye mito ndipo tunapokosana nao. Seti za mtoto zinazouzwa madukani huja na mto wa kichwa na mito mirefu ya kuzungushia kitanda. Ondoa yote. Pua ya mtoto mchanga ikizama kwenye mto hana nguvu ya kugeuza shingo. Marekani iliipiga marufuku hiyo mito ya kuzungushia kwa sheria mwaka 2022.

Chaguo langu la kwanza ni kitanda kidogo cha mbao kilichotengenezwa na seremala wa hapa hapa, kikawekwa ubavuni mwa kitanda cha mama. Lamu ina mafundi ambao watu huwafuata kutoka mbali. Sioni sababu ya kuagiza kitanda cha mbao za kugandisha kutoka Mombasa kije kivimbe kwa unyevu wa bahari. Ila mpe fundi masharti kabla hajakata mbao. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili mwili usipenye kichwa kikabaki. Ubavu wote uwe umekazwa. Usikubali upande wa kushusha na kupandisha, kwani Marekani iliviondoa vitanda vya namna hiyo mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa humo. Nguzo za pembeni zisichomoze juu ya ubavu, nguo itanasa. Nakshi nayo, ambayo najua utaitaka: ichongwe juu juu, isitobolewe, maana tundu la nakshi hunasa kidole na hata mkono.

Mbambakofi ni zito na litawalea wadogo zake wote. Mwembe ni nafuu lakini wadudu wanaupenda. Rangi usiitake kabisa, mwambie apige msasa mpaka laini. Mtoto akiota meno atautafuna ubavu huo, na rangi nyingine zina madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu.

Godoro lake liwe la sponji ngumu, lile wauzaji wanaloita haidensiti. Libonyeze kwa kiganja: likibaki na shimo, liache. Lijae kitanda pembe zote, vidole viwili visipite kati yake na ubavu. Godoro la sufi, hata likiwa la urithi, huzama na kutengeneza bonde katikati, na mtoto mchanga si wa kulalia bonde. Shuka iwe ya pamba, iliyokazwa.

Chaguo la pili halina gharama: kigodoro hicho hicho kigumu sakafuni, juu ya mkeka wa ukindu, ndani ya chandarua kikubwa pamoja na mama. Kwa nyumba yenye joto na chumba kidogo hili ni jambo zuri kabisa, wala mtu asikufanye uone umepungukiwa. Mtoto wa chini haanguki. Fagia vizuri, na siafu uwaangalie.

La tatu ni kulala naye kitanda kimoja, jambo ambalo nyumba nyingi hufanya na ambalo sitajifanya silioni. Salama zaidi ni awe na sehemu yake mwenyewe. Lakini kama mnalala pamoja, ondoa mito upande wake, asiwepo mvutaji sigara kitandani, asilale katikati ya watu wawili wala karibu na ukuta anapoweza kubanwa. Aliyezaliwa njiti au mwenye uzito mdogo alale peke yake, hapo sina huruma. Na mama anayenyonyesha akihisi usingizi kwenye kochi, aondoke akalale kitandani. Kochi ni la hatari zaidi kuliko kitanda.

Kikapu cha kusuka chenye vishikio kinafaa miezi michache tu, mpaka mtoto anapoanza kujigeuza. Kiweke sakafuni, siyo mezani, na usipande nacho ngazi mtoto akiwa ndani.

Susu na bembea za umeme ni za mchana, macho yako yakiwa juu yake. Akisinzia, mhamishe. Kitambaa kinachoning'inia humkunja, kidevu kikashuka kifuani, na njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba, huzibika kwa kukunjwa tu bila kelele yoyote. Na wanunuzi wa mitumba wasikie: mwaka 2019 Fisher-Price iliirudisha kutoka sokoni Rock 'n Play yake, karibu milioni 4.7 zilizokuwa zimeuzwa Marekani, kwa sababu watoto walikufa wakiwa wamelala humo. Sheria ile ya 2022 ilikataza kila kilalio cha mtoto chenye mteremko unaozidi digrii 10. Vitu vilivyokataliwa kwao husafiri. Ukiona kilalio cha mtoto kilichoinuka upande wa kichwa kwenye rundo la mitumba, hata kiwe kipya na cha bei ya kutupa, kipite.

Kuhusu nguo za usiku, niseme kwa ufupi: sweta, kofia na soksi chumbani mwezi wa Februari ni mateso. Mshike shingo nyuma. Ikiwa na jasho, punguza. Na kama ana uzi shingoni, wa hirizi au wa mapambo, usiku uvuliwe.

Kumbeba

Leso ndiyo ya kwanza, na ninaisema kwa moyo wangu wote. Haimalizi nafasi, hukauka upesi, humkinga mtoto na jua na upepo, huwa shuka ya dharura na pazia la kunyonyeshea. Nunua ya pamba tupu. Ifue kabla, kwa sababu leso mpya ina wanga na hukwaruza, tena fundo lake huteleza.

Namna ya kufunga ndiyo inayohitaji uangalifu. Mtoto mchanga afungwe kifuani, siyo mgongoni, mpaka shingo yake ikaze, kwenye miezi mitatu minne hivi. Mgongoni humwoni. Kifuani uso wake uwe wazi, karibu kiasi cha kuweza kumbusu utosini, na kati ya kidevu na kifua chake vipite vidole viwili. Magoti yawe juu kuliko makalio, mapaja yamefunguka. Kumnyoosha miguu na kuibana pamoja si kuzuri kwa nyonga zake. Usimfunike uso hata kama jua ni kali, tafuta kivuli.

Mbeleko ya mikanda, ile ya kufunga kwa bizimu, naiweka baada ya leso. Inamfaa baba, na inamfaa mama mwenye maumivu ya mgongo. Soma uzito wa chini: nyingi huanzia kama kilo 3.2 hadi 3.5, kwa hiyo mtoto mdogo hukaa humo amezama. Kumgeuza aangalie mbele kungoje miezi kadhaa.

Boti na basi

Ukifika gatini, fungua leso kabla ya kuingia botini. Ngazi za gati zina ukoga. Mpe mtoto mtu aliyekwisha kukaa ndani, wewe ushuke mikono mitupu, kisha umpokee. Mtoto aliyefungwa mwilini mwako hawezi kutolewa haraka ikitokea la kutokea, na aliyefungwa kwenye kiti cha gari atazama nacho. Wewe vaa jaketi lako. Majaketi ya watoto yapo, na lililo zuri lina kola kubwa ya kuinua kichwa, mkanda wa kupita katikati ya miguu, na mshikio mgongoni. Lakini kwa mtoto wa wiki chache hata dogo kabisa huwa kubwa, humpanda usoni. Ndiyo maana sikulipa nafasi ya juu: kwake kinga ya kweli ni kupunguza safari. Mokowe ni karibu na maji yake yamekingika. Kwenda Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, wakati wa upepo wa kusi, na mtoto hajafika arobaini, naona ni jambo la kuahirisha.

Kutoka Mokowe hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200. Wenye gari, huu ndio wakati wa kutoa pesa bila kusita. Kiti kiwe cha kuangalia nyuma, chenye lebo ya E ndani ya duara, na maandishi ya kiwango cha usalama cha R44 au, bora zaidi, R129. Kisiwekwe kamwe kiti cha mbele penye mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Cha mitumba usikinunue isipokuwa unamjua aliyekitumia na unaamini hakijapata ajali, kwa kuwa ufa wa ndani hauonekani. Tazama pia tarehe ya mwisho ya kutumika iliyochapwa kwenye plastiki. Simameni mara kwa mara, mtoto atolewe anyooke.

Kwenye basi kiti hicho mara nyingi hakikazwi vizuri, mikanda ni ya kiunoni tu. Lipia siti yako ya katikati ya basi, mbali na kioo cha mbele. Jifunge mkanda wewe peke yako na mtoto awe mbele ya mkanda, mikononi. Mkanda mmoja ukiwazunguka wawili, basi likifunga breki uzito wako wote unamwangukia. Malindi mjini chukua tuktuk. Bodaboda na mtoto mchanga, hapana.

Kigari

Kichochoroni Lamu, punda mwenye mawe akija unajibanza ukutani. Kigari hakijibanzi. Vizingiti, ngazi na mitaro ya maji humfanya mama akibebe yeye, na mtoto juu yake. Wa Malindi wanaokaa kwenye barabara pana wanaweza kukifikiria. Kwa mtoto mchanga kiti kilale tambarare kabisa, siyo nusu. Kijaribu breki kwenye mteremko, ukiwa umekitia mfuko wa unga wa kilo chache, kabla hujatoa pesa.