5A-FE ya Corolla 100 na 110: injini ya kutegemea, mradi ising'olewe themostati

Toyota Corolla 100 ilitoka mwaka 1991, 110 ikafuata mwaka 1995, na nyingi kati ya zilizotufikia kama mtumba wa Japani zina injini hii ya 5A-FE: silinda 4, vali 16, cc 1498, bloku ya chuma na hedi ya alumini. Kwa mtu anayetaka gari la kwenda sokoni, ibadani na kijijini mara mojamoja, ni vigumu kupata injini ya zamani iliyo bora kuliko hii. Haina mfumo wa kubadilisha taiming ya vali wala elektroniki nyingi za kusumbua, na spea zake zinapatikana kirahisi Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi.

Kwanza hakikisha unayo. Namba ya chasisi ikianza na AE100 au AE110, ndiyo yenyewe. EE ni injini za familia nyingine na CE ni dizeli. Mikanda na gasketi zao haziingiliani, kwa hiyo usinunue spea kwa kusema tu "ya 110".

Kinachoziua injini hizi ni joto, na mara nyingi chanzo chake ni fundi aliyeng'oa themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta) akidai gari halitachemsha tena. Themostati ya 5A-FE inakaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini, na ina vali ya pili chini yake. Injini ikipata moto, vali hiyo huziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima. Asubuhi injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi na oili inachafuka mapema. Kwenye foleni au mlima mrefu, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupozwa. Rudisha themostati ya nyuzi 82 yenye vali hiyo ya chini. Zipo za bei nafuu zisizo nayo, zikatae.

Jambo la pili ni maji ya bomba. Yanaleta kutu kwenye bloku, yanakula alumini ya hedi na kuziba rejeta. Ondoa yote, suuza mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti (dawa ya kupoza injini) nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Mfumo mzima unabeba lita 5 hadi 6. Acha kifuniko wazi injini ikinguruma, hita ikiwa kwenye moto wa juu kabisa, mpaka mapovu yaishe na feni iwake. Kifuniko chenye mpira uliochoka kibadilishwe, kwa sababu presha ikivuja maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Feni isipowaka, chomoa soketi ya swichi ya joto: ikianza kuzunguka, swichi imekufa. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei na mota. Kuifunga feni moja kwa moja kwenye betri ni kuficha ugonjwa.

Kumbuka pia kwamba pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa altaneta, si wa taiming. Mkanda huo ukilegea, taa ya chaji inaweza kuwaka na joto likapanda kwa pamoja.

Gari likikosa (injini ikikatakata) mlimani, kabla ya kulaumu pampu ya petroli chomoa waya za plagi. Zikitoka na oili, mpira wa kofia ya vali umekauka. Nunua seti pamoja na sili za visima vya plagi, paka silikoni kidogo kwenye kona tu, na kaza nati kwa Nm (nyutoni-mita) 6 hivi. Ukizidisha, kofia inapinda na uvujaji unarudi. Ukanda wa pwani, angalia pia ndani ya kofia ya distributa: unga mweupe kwenye vituo vyake maana yake ni kubadilisha kofia na rota pamoja. Nafasi ya plagi ni milimita 0.8. Taiming ya cheche za plagi hupimwa injini ikiwa ya moto, pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi zikiwa zimeunganishwa kwa waya, na iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Bila waya ule, kompyuta inajirekebisha yenyewe na kipimo kinadanganya.

Mkanda wa taiming ni wa kilomita 100,000. Ukikatika vali hazigongi pistoni, lakini gari linakufa papo hapo barabarani. Ubadilishe pamoja na tenshena (roli inayoukaza) na sili za kranki na kamshafti, kwani oili ikivuja inaula mkanda mpya.

Oili: 10W-30 au 10W-40, jaza lita 3 kisha ongeza taratibu kwa kusoma stiki. Kila kilomita 5,000, au miezi 6 kwa gari linaloegeshwa sana, kwa sababu safari fupi huacha unyevu ndani ya oili. Mara moja kwa wiki liendeshe nusu saa kamili. Kuliwasha dakika tano uani hakukaushi chochote. Moshi wa buluu asubuhi tu ni sili za vali, na hedi haihitaji kushuka kama fundi ana kifaa cha kujaza hewa kwenye silinda ili vali zisidondoke. Moshi usiokoma unapokanyaga ni ringi za pistoni.

Ukifikia kununua injini ya mtumba, dai ipimwe mgandamizo ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Nzima inatoa karibu psi 190. Chini ya 142, au tofauti ya zaidi ya 14 kati ya silinda na silinda, iache hapo hapo dukani.