The Wind Waker HD: Zelda ya Baharini, Ilivyochezwa Langoni

Wapenzi wa The Legend of Zelda, mfululizo wa michezo ya video ulioanza Japani mwaka 1986, wana desturi ya kuulizana ni mchezo upi uliowaingiza. Wengi hutaja Ocarina of Time ya 1998, na vijana hutaja Breath of the Wild ya 2017. Mimi nilichelewa, nikaingia kwa njia ya bahari, kwa diski ya mtumba ya The Wind Waker HD ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Mombasa pamoja na konsoli ya Wii U iliyochubuka rangi. Baada ya miezi miwili ya kuucheza nyumbani kwetu Langoni, aghalabu baada ya isha, sioni Zelda nyingine inayomfaa mtu wa Lamu kuanzia kuliko hii.

Link, shujaa wa mchezo, ni mtoto wa kisiwani anayeishi na bibi yake na dada yake mdogo, ambaye ananyakuliwa na ndege mkubwa. Ili kumtafuta, Link hupata mashua nyekundu inayosema, na kijiti cha kuongozea muziki ambacho akikipunga juu, kushoto, kisha kulia, huchagua upepo uvume kuelekea upande upi kati ya pande nane. Hapo ndipo mjomba wangu, nahodha mstaafu wa Matondoni, alipokiweka chini kikombe cha kahawa. “Mtoto huyu hajui kupiga bisho,” alisema, “akipingwa na upepo anaugeuza upepo wenyewe!” Alicheka, lakini tangu usiku ule hakukosa kuja. Ni yeye pia aliyeona kwamba mwezi wa mchezo huu hukua na kupungua, na merikebu ya mizimu hubadili mahali kuufuata, ilhali bahari haina bamvua wala maji mafu. Kwa mtu aliyewahi kukwama kwenye mlango wa bahari wa Mkanda akingoja maji yajae, hilo ni kosa zito, wengine hawatalitambua.

Picha za kwanza za toleo la asili zilipoonyeshwa mwaka 2001, mashabiki wengi walikasirika, kwa kuwa walitarajia shujaa wa kutisha wakaletewa katuni yenye macho makubwa. Michoro hiyo hiyo ndiyo iliyouzuia mchezo huu usizeeke. Lalamiko la pili lilihusu bahari yenyewe, iliyogawanywa katika miraba 49, na safari ndefu baina ya visiwa. Toleo la HD, yaani lililoboreshwa picha, lililotoka 2013, liliweka dawa: tanga la kasi linalopatikana mnadani katika kisiwa cha Windfall, ambalo hukupa upepo wa nyuma daima. Ushauri wangu ni kulichelewesha kadiri ya uvumilivu wako, kwani ukishalipata huna haja tena ya kuuliza upepo unatoka wapi, na kisiwa hakichomozi tena polepole kama kinavyochomoza Pate ukitokea mbali. Kinachochosha kwa kweli ni msako wa vipande vya Triforce, pembetatu takatifu ya mfululizo huu, karibu na mwisho, ambao hata baada ya kufupishwa katika toleo hili ulimlaza mpwa wangu usingizi akiwa na pedi mkononi.

Mashabiki wa siku nyingi huusifu zaidi mchezo huu kwa kilicho chini ya maji. Ufalme wa Hyrule, ule waliouzunguka katika michezo iliyotangulia, umezamishwa, na Link anaposhuka huko hukuta ngome imesimama bila rangi, maadui wakiwa wameganda walipokuwa. Sikuwa nimeicheza michezo hiyo, lakini nilikumbuka ziara ya shule kwenda magofu ya Takwa, tulipopita kwenye mikoko hadi msikiti usio na paa, na darasa zima likanyamaza bila kuamriwa.

Anayetaka kununua ajue kwamba Nintendo iliacha kutengeneza Wii U mwaka 2017, kwa hiyo atategemea mtumba, na diski aikague mwangani kabla ya kulipa. Yangu huganda mara kwa mara. Toleo la asili linapatikana pia kwenye Switch 2, konsoli mpya ya Nintendo, kwa wanaolipia usajili. Kiswahili hakimo, nami nilikuwa nikimtafsiria mpwa wangu kila mazungumzo.

Tulipofika kwa bibi, tafsiri haikuhitajika. Link hurudi nyumbani akamkuta anaugua kwa huzuni ya wajukuu. Akishaponywa, humpikia supu na kuitia katika chupa. Supu hiyo hujaza uhai wote na kuzidisha nguvu ya upanga maradufu mpaka Link atakapopigwa, na chupa moja hunywewa mara mbili. Mpwa wangu alikataa kuigusa wiki nzima, hata moyo wa uhai ulipobaki mmoja, akisema ni ya bibi. Mbele ya Ganondorf, adui mkuu, alikubali kunywa mara moja tu. Alishinda, na nusu ya pili ingali chupani.