Tovuti ya sensa ya Marekani na mji mdogo wa chuo

Huduma ya data.census.gov, iliyochukua nafasi ya tovuti ya zamani ya American FactFinder, ni ya bure na haidai kujisajili, na kwa mtu anayetaka kujua ni akina nani wanaoishi katika mji kama Oberlin, Ohio, wenye wakazi zaidi ya 8,000 na chuo kilichoanza kupokea wanafunzi Weusi mwaka 1835, sioni pa kuanzia palipo bora zaidi. Ukiandika jina la mji pamoja na jedwali P2 la sensa ya 2020, litakutengea kwanza Wahispania, yaani wenye asili ya Kihispania au ya Amerika ya Kilatini, kisha wengine wote kwa rangi zao.

Ugumu uko katika kuzisoma takwimu hizo. Mwanafunzi anayeishi bwenini huhesabiwa hapo chuoni, si kwa wazazi wake, na mwaka 2020 kanuni hiyo iliwahusu hata waliorudishwa makwao kwa sababu ya korona. Jedwali P5 linataja idadi ya wakazi wa mabweni, lakini haliwagawi kwa rangi, na kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa, maana wenyeji na wapita njia hubaki wamechanganyika. Mhamiaji Mweusi kutoka Mombasa naye huangukia fungu moja na Mmarekani Mweusi wa vizazi vingi, ilhali Mwarabu wa Oman huwekwa kwa Weupe, utaratibu ambao serikali iliamua kuubadilisha mwaka 2024.

Namba za makundi madogo zisomwe kwa tahadhari, kwani Ofisi ya Sensa ilizibadilisha kidogo kwa makusudi ili kulinda siri za watu.