Bunduki ya upepo ya zamani ya bei rahisi: itengenezwe au iachwe?

Bunduki ya upepo ya springi, ile inayokunjwa mtutu ili kuikoki, yaani kuibana springi inayosukuma pistoni, ikikaa stoo miaka mingi huhukumiwa upesi: imekufa, haina nguvu. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kinachochoka kwanza ni washa ya ngozi kichwani mwa pistoni, ndugu wa ile ya pampu ya baiskeli, nayo ni kipuri cha bei ndogo. Kinachoiua bunduki kabisa ni chuma kisichonunulika kirahisi: mtutu, silinda na ndoana inayoshika pistoni. Basi ukaguzi uanzie kwenye chuma, springi baadaye.

Mtutu hupinda kwa sababu moja kubwa: mtu alivuta traiga bunduki ikiwa imekokiwa na mtutu uko wazi. Springi huurudisha mtutu juu kwa kishindo, na kidole kikiwa njiani huvunjika. Kunja mtutu kidogo tu, bila kufika kwenye koki, hakikisha hauna risasi ndani, kisha tazama mwanga kupitia tundu lake. Duara za kivuli unazoziona ndani zipangane katikati, moja ndani ya nyingine. Zikiegemea upande mmoja, mtutu umepinda. Kisha ufunge, ushike karibu na ncha na uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, angalia kiungo chake: kama ni bolti, robo mzunguko wa bisibisi huenda ukamaliza tatizo, kama ni pini iliyogongwa na matundu yake yamekuwa ya yai, iache bunduki hiyo.

Ndoana ya traiga ndiyo ninayoiogopa kuliko yote. Koki, weka risasi, funga mtutu, elekeza kwenye kizuizi salama cha udongo, kidole kikiwa nje ya traiga, kisha gonga kitako kwa kiganja. Ikifyatuka yenyewe, ndoana imelika. Fundi atakayekuambia ataipiga tupa anakuharibia: chuma hicho kimefanywa kigumu juu juu tu. Tupa ikilitoa ganda hilo, chuma laini cha chini kitalika upya muda mfupi baadaye. Hapo ni ndoana mpya au hakuna bunduki.

Silinda huonekana vizuri bunduki ikifunguliwa. Kutu si hukumu ya moja kwa moja. Kinachoamua ni mahali ilipo. Mgandamizo hupanda kwa kasi mwishoni mwa safari ya pistoni, hivyo vishimo vya sentimita chache za mbele, karibu na tundu la kupitisha hewa kwenda mtutuni, huvujisha nguvu na kukwangua washa. Vishimo vya nyuma zaidi havina athari kubwa. Visafishe kwa msasa laini wenye oili na uendelee.

Chuma kikiwa kizima, swali linalobaki ni jina. Diana 27 ya Ujerumani ina vipuri vingi kwa sababu iliuzwa pia kama Original 27, Winchester 427 na Hy-Score 807. Ukikosa kipuri kwa jina moja, kitafute kwa jingine. BSA Meteor ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1959, nayo ina wapenzi wengi wanaoitunza, na hali ni hiyo hiyo kwa Slavia za Czechoslovakia. Bunduki isiyo na jina wala namba ya modeli ni kamari: washa na springi unaweza kupima na kuchongesha, lakini ndoana hutaipata. Kipimo changu cha gharama ni kwamba vipuri visizidi nusu ya bei ya bunduki kama hiyo ikiwa nzima.

Kabla ya kufungua chochote, ijaribu ngozi. Kunja mtutu kidogo, dondosha matone 5 ya mafuta ya kulainishia ngozi kwenye tundu la hewa, funga, na uisimamishe kitako chini usiku kucha. Usitumie oili nyepesi ya kupulizia. Joto la mgandamizo huiwasha ndani ya silinda, na mlipuko huo unaweza kuvunja springi. Asubuhi weka ukanda wa karatasi nyembamba juu ya maungio ya mtutu, kisha piga risasi. Karatasi ikirushwa, hewa inatokea kwenye sili ya mtutu, ile pete inayoziba maungio hayo. Ibadilishe, au weka pete ya karatasi ngumu chini yake ili ichomoze kidogo. Usiifyatue kamwe ikiwa tupu, kwani bila risasi mbele pistoni hukosa mto wa hewa na kugonga mwisho wa silinda.

Ukisikia mkwaruzo wakati wa kukoki, springi huenda imevunjika au imepinda. Kuitoa kunahitaji kibanio kirefu, kwa kuwa hata isipokokiwa imebanwa sentimita kadhaa, na kizuizi chake kikiachwa huru huruka kama jiwe la manati. Iviringishe juu ya kioo, ikiyumba, imepinda. Usinunue iliyo kali zaidi ya ile ya asili, maana utaongeza mtikisiko na kuichosha ndoana bila kupata shabaha bora. Kwenye Diana 27 angalia gololi tatu ndogo za traiga: hudondoka bila sauti, kwa hiyo fungulia juu ya trei, na wakati wa kurudisha zigandishe kwa grisi nzito mahali pake. Pistoni ipakwe grisi ya molibdenamu kiasi cha kung'arisha tu, isifike mbele ya washa.

Risasi 20 za kwanza zitatoa moshi kidogo, kisha utulie. Ukiwa na kipima mwendo, piga 10 nyingine. Risasi ya gramu 0.5 ikitoka kwa mita 170 kwa sekunde ina jouli 7 na ushee, zinazotosha kabisa kwa shabaha ya mita 10. Namba zikitofautiana kwa mita 15 au zaidi, washa bado haijakaa. Ongeza tone moja la mafuta ya ngozi, piga 30 nyingine, kisha pima tena.